Mna Maji Tele

Shemeji yangu hapendi kuuliza njia, iwe barabarani au baharini. Alipopata mashua ya tanga ya faiba, kuukuu lakini nzima, kwenye kriki ya Kilifi, wazee wa pale walikuwa tayari kumwonyesha bure kila fungu la mchanga. Yeye akanunua mashine ya kupima kina.

Mashine yenyewe ni kioo kidogo na sensa ya duara. Sensa hupiga mlio usiosikika kwa sikio, mlio ukashuka, ukagonga chini, ukarudi. Sauti majini huenda kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mashine huhesabu muda wa safari, ikagawa kwa mbili, ikakupa kina. Kwenye karatasi, mteremko mtupu.

Fundi alifika na drili yenye vumbi la saruji la kazi ya jana. Shemeji akaizuia kwa mwili wake. Kutoboa chombo chako mwenyewe, tena chini ya maji, si akili. Kitabu cha maelezo kikamuunga mkono: mlio hupenya faiba, mradi pasiwe na hewa katikati, wala tabaka la mbao laini za balsa ndani ya faiba. Kabla ya kubandika, kikaagiza, jaza maji kwenye mfuko wa plastiki, tumbukiza sensa, ukandamize ndani ya ngama uone kama inasoma.

Mfuko wa plastiki! Kenya ilikwisha kuupiga marufuku tangu Agosti 2017. Kila duka tuliloingia lilitupa wa kitambaa, na wa kitambaa kwa kubeba maji ni dhihaka. Hatimaye dada yangu akatoa pakiti ya maziwa ya nusu lita, imesuuzwa kwa haraka. Humo ngamani, kwa joto la Kilifi, haraka ile tuliinusa sote.

Fundi akatambaa akigonga faiba kwa mpini wa bisibisi. Palipolia “ko” ni faiba tupu, palipolia “bu” pana balsa. Mbele kidogo ya mkuku pakalia “ko”, pakiti ikawekwa, na kioo kikatoa namba. Tulishangilia kana kwamba tumevua papa.

Ikabaki gundi ya epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili. Fundi aliikoroga kwa nguvu za ujana mpaka ikajaa mapovu. Povu ni hewa, na hewa kwa sensa ni ukuta. Kioo kikaonyesha vistari vitupu vikipepesa. Gundi iliyobaki kwenye kopo nayo ikapata moto yenyewe, ikaanza kutoa moshi, na kopo likatupwa nje kwa mguu. Ikabidi sensa ibanduliwe, gundi nyingine ichanganywe polepole. Safari hii ikasoma mita 3.6.

“Uongo,” akasema mzee mmoja nahodha aliyekuwa kwenye ngalawa jirani. Akatupa bildi, ile risasi yake ya kamba, akahesabu pima mbili na mkono mmoja, yaani mita 4 na ushei. Ramani ya bahari ikasema 2. Shemeji akataka kurudisha mashine dukani, na bure tu, kwa sababu wote walikuwa wakweli. Mzee anapima toka juu ya maji. Sensa inapima toka ilipokaa, nusu mita chini ya maji. Ramani inahesabu maji yakiwa yamekupwa kabisa. Naye mwenye chombo anachotaka kujua ni kitu kimoja tu: chini ya mkuku pamebaki nini?

Kwa hilo mashine ina mahali pa kusahihisha. Mkuku umeshuka mita 1.2 chini ya sensa, basi unatoa 1.2. Shemeji alijifungia na kitabu, akakataa msaada, akaongeza 1.2.

Jumapili tukatweka tanga. Maji yalikuwa yakikupwa, tena ya bamvua. Mashua ikasita, ikakwaruza chini, ikasimama. Kioo kikang’aa: mita 2.4. Shemeji akampigia fundi simu.

“Bosi, kwani mashine inasemaje?”

“Mbili nukta nne.”

“Basi mna maji tele. Hebu angalieni, labda mmesahau kung’oa nanga.”

Mashua ilikuwa imeshaanza kulala ubavu. Shemeji akaenda omo kuangalia nanga.