Tuachieni Nafasi ya Kungoja

Mti wa kwanza wa Krismasi mwaka huu nimeuona Oktoba, huko Westlands, katika duka kubwa ambalo sitalitaja kwa sababu bado nanunua unga humo. Bendera za Mashujaa zilikuwa hazijateremshwa barabarani. Watahiniwa wa kidato cha nne walikuwa hawajaiona karatasi ya Hisabati. Na tayari mti wa plastiki umesimama karibu na mizani ya viazi, umetandazwa pamba ili sisi tuliochomwa na jua tangu asubuhi tuone theluji. Pembeni kijana wa watu amevishwa kofia nyekundu ya manyoya na ndevu za nailoni, na jasho limezilowesha ndevu hizo hadi zimegandamana na shati. Nilimpa pole. Akanijibu, "Heri ya Krismasi, mzee." Oktoba!

Ugomvi wangu si na Krismasi. Ikifika nitaila kwa pilau na kwa chapati, na shati jipya nitavaa. Ninacholalamikia ni wizi uliofanyika mchana peupe bila mtu kupiga ripoti. Kabla ya Noeli Kanisa limetuwekea Majilio, majuma manne ya kungoja. Padre huvaa zambarau. Utukufu hauimbwi. Maua ya altareni hupunguzwa. Masomo ni ya nabii Isaya na ya Yohane Mbatizaji, yule aliyevaa manyoya ya ngamia na kula nzige, mtu ambaye leo hangevuka mlango wa duka lolote Westlands kabla askari hajampitishia kile kifaa cha kukagulia na kumuuliza anamtafuta nani.

Zamani mambo yalikuwa mazito zaidi. Huko Tours, Ufaransa, katika karne ya tano, Askofu Perpetuus aliagiza watu wafunge siku tatu kwa juma, kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin tarehe 11 Novemba hadi Noeli. Mimi sidai hivyo, na mke wangu anayenipakulia anajua kwa nini. Nadai tu niachwe ningoje kwa amani.

Na hata hayo majuma manne mara nyingine hayatimii. Mwaka 2023 Jumapili ya nne ya Majilio iliangukia tarehe 24 Desemba, yaani juma zima la nne lilianza asubuhi likaisha magharibi. Misa ya mwisho ya mchana ilipokwisha, kina mama wa kupamba kanisa waling'oa zambarau wakaanza kukimbizana na vitambaa vyeupe na nyasi za hori. Swali lililotawala jumuiya yetu siku hizo halikuhusu ujio wa Bwana. Lilikuwa hili: mtu akisali jioni ya tarehe 24, je, Misa hiyo inahesabika kwa zote mbili, ya Jumapili na ya Noeli? Katekista alisema hapana. Aliulizwa tena na tena, na watu mbalimbali, kwa matumaini kwamba angechoka.

Halafu kuna Ijumaa Nyeusi. Hii tuliletewa na maduka ya mtandaoni miaka ya 2010 kutoka Marekani, ambako huja siku moja baada ya sikukuu yao ya shukrani. Sisi hatuna sikukuu hiyo, basi tukachukua Ijumaa peke yake, tukaivuta ikawa Novemba nzima. Ukifungua kalenda utaona kwamba miaka mingi Ijumaa hiyo huangukia siku mbili tu kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, ile ambayo Injili yake inatuambia tukeshe. Nani ana nguvu za kukesha Jumapili? Zote zilikwisha Ijumaa usiku, mtu na simu yake mkononi, akingoja friji ishuke bei.

Sisi wa Kangemi tuna kumbukumbu yetu ya Ijumaa hiyo. Tarehe 27 Novemba 2015 marehemu Papa Fransisko alikuja hapa kwetu, katika Parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi inayohudumiwa na Wajesuiti. Kwa kalenda ya wauzaji, siku ile ilikuwa Ijumaa Nyeusi yenyewe. Wauzaji wa dunia wakipigia kelele bei zao, mzee huyu anatuambia kwamba mitaa ya wanyonge ina tunu ambazo haziuzwi kwenye soko la hisa wala hazina bei. Akawasema wanyakuzi wa ardhi, akasema na juu ya watu kunyimwa maji. Siku mbili baadaye Majilio yakaanza. Sijaona Majilio yaliyofunguliwa vizuri kuliko hayo, na hakuna aliyepewa kuponi.

Mimi ni mweka hazina wa jumuiya, na kwa sababu ninashika pesa watu hudhani ninajua pia kununua. Ndivyo mwaka mmoja nilivyotumwa mjini kutafuta mishumaa ya shada la Majilio: mitatu ya zambarau, na mmoja wa waridi wa Jumapili ya tatu, ile ya Furaha. Nikaanzia Tom Mboya, nikapanda Biashara Street, nikashuka hadi River Road. Nairobi ina mishumaa, msinielewe vibaya. Kuna myeupe ya stima kupotea. Kuna myekundu ya wale wanaokula kwenye giza na kulilipia. Kuna midogo ya keki. Kijana mmoja aliyetandaza kofia za Santa zinazowakawaka taa alinisikiliza kwa makini, kisha akanishauri kama daktari: "Mzee, chukua nyeupe, pitia kwa wasichana wa kucha pale ghorofani, wakupakie rangi. Dakika tano." Nilikuwa bado naufikiria ushauri huo, na kusema kweli ulikuwa mzuri, pale mtu alipopiga mbinja ya kutangaza kanjo. Kijana akakunja shuka lake lote, kofia bado zinawaka ndani, akapotea kati ya matatu mbili.

Zambarau niliipata mwishowe kwenye duka moja la vitabu vya dini. Waridi ilikuwa imekwisha. Parokia fulani, niliambiwa, ilikuja ikazoa yote. Mpaka leo sijui ni wapi, lakini kuna watu jijini humu wana furaha kuliko inavyoruhusiwa. Nikaingia Basilika ya Familia Takatifu kupumzisha miguu. Ndani ni baridi, zambarau imetanda, hakuna anayekuuzia kitu. Niliketi, nikafumba macho, nikaanza kungoja kama nilivyofundishwa. Msichana akanigusa bega: "Samahani baba, hapa ndipo foleni ya kitubio inaanzia?" Nyuma yake walikuwa wameshasimama watu kadhaa.

Niliporudi, mwenyekiti alianza kunilaumu kwamba bila mshumaa wa waridi tunavunja mila ya kale ya Kikatoliki. Hapo nilikataa. Shada hilo si la kale wala halikuanzia kwetu. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, huko Hamburg, mwaka 1839, katika nyumba aliyokuwa akiwalelea watoto maskini. Watoto walimsumbua kila siku: Krismasi ni lini? Naye akatwaa gurudumu la mkokoteni, akalipangia mishumaa midogo ya siku za kazi na mikubwa minne ya Jumapili, wakawa wanajihesabia wenyewe. Nampenda sana mzee yule. Nilipendekeza nasi tutumie gurudumu la mkokoteni, maana Kangemi tunayo ya kutosha, mengine yako katikati ya njia. Pendekezo liliandikwa kwenye kumbukumbu, yaani limezikwa. Kina mama wakaufunga mshumaa mweupe kwa utepe wa waridi, na Jumapili ya tatu utepe ukashika moto. Watoto walipiga makofi. Ilikuwa Jumapili ya Furaha, hata hivyo.

Kwaya nayo sitaiacha. Mazoezi ya nyimbo za Noeli huanza mapema mno, na kanisa letu limezungukwa na nyumba za kupanga, hivyo Majilio yanapoanza jirani yetu Mwislamu anaijua sauti ya nne kuliko wenye kuiimba. Jumapili tunaimba njoo Masiha kwa huzuni ya adabu. Jumamosi yake jioni alikuwa ameshazaliwa kwa vinanda na vigelegele. Ukitoka hapo ukapanda matatu, yuko Jim Reeves. Mtu huyu alifariki mwaka 1964 kwa ajali ya ndege, albamu yake ya Krismasi ni ya 1963, na kila Desemba anarudishwa kazini Nairobi bila likizo. Akichoka wanamshika Boney M.

Wakati mwingine nawaza juu ya Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni ya Mtakatifu Austin, huko Lavington ya leo, mwaka 1899, mwaka uleule reli ilipofika hapa. Majilio yao ya kwanza yalikuwa na nini? Tope na mahema ya wafanyakazi wa reli. Hakuna aliyewatumia ujumbe kwamba punguzo linaisha usiku wa manane.

Lakini nikisema maduka ndiyo yenye lawama yote nitakuwa nimesema uongo, na tuko Majilio. Kuna jambo ambalo hakuna padre anayelitangaza altareni: parokia ya Nairobi haiwezi kungoja Krismasi, kwa sababu Krismasi ikifika parokia haipo. Tarehe 20 Desemba watu wameshaanza kubeba magunia. Nyamakima haipitiki, Machakos Country Bus haipitiki, nauli ya Kakamega imepanda mara mbili na wanaolipa wanashukuru kupata kiti. Waimbaji wa kwaya waliofanya mazoezi hayo yote wametawanyika Bungoma, Kisii, Murang'a na Kitui, kila mmoja amebeba sauti yake. Usiku wa Noeli tunabaki wachache: walinzi, wauguzi wa zamu, wapangaji waliokosa nauli, na mimi, ambaye nimebaki na funguo za sanduku. Tunaimba sauti moja, isiyojulikana ni ya ngapi.

Ndiyo maana sherehe ya Krismasi ya jumuiya huwa tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri, watu wakiwa hawaendi kazini. Katikati ya Majilio, ndiyo. Mbuzi ananunuliwa Dagoretti kwa bei ya mwezi huo, ambayo ni bei ya mbuzi na hasira zake. Paroko hualikwa kubariki chakula, na kila mwaka huanza kwa kutukumbusha kwamba Noeli bado. Tunaitikia "Ndiyo, Padre" huku sahani zimeshapita. Nilishapendekeza tufanye sherehe baada ya tarehe 25, maana kwa Kanisa ndipo kipindi cha Noeli kinapoanza, kikaendelea hadi Ubatizo wa Bwana mwezi wa Januari. Walinicheka hadi mama mmoja akatokwa na machozi. "Januari, mweka hazina? Na pesa ya nani?"

Alikuwa na hoja. Mshahara wa Desemba hulipwa mapema, unakwenda ushago, haurudi. Tarehe 26 duka langu la unga limeshaitupa theluji nyuma ya ghala, na mahali pa mti pamesimama mabegi ya shule. Padre anatokea na kasula nyeupe, Utukufu umerudi, hori bado liko pale, anatusihi tuendelee kushangilia. Tunamtazama. Mfukoni kuna karatasi ya karo na salio la Fuliza. Sasa ndipo tunapofunga, zaidi ya siku tatu kwa juma, hata Askofu Perpetuus angetuonea huruma. Sasa ndipo tunapokesha, tukiitazama simu kama kuna mshahara. Tunatubu kwa majina, mbuzi kwa mbuzi. Majilio kamili, hayakosi kitu ila zambarau. Mwaka fulani nilimweleza Paroko wazo hili, kwamba Nairobi tungebadilishiwa vipindi: tule Desemba kihalali, tungoje Januari kihalali. Akasema ataliwasilisha. Nilivyomtazama, nadhani limekwenda kukutana na lile gurudumu la mkokoteni.

Kwa hiyo mwaka huu sipendekezi kitu. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na la kwangu nalijua. Mwenyekiti ameshaandika kwenye kikundi cha WhatsApp, na mishumaa haijanunuliwa bado: sherehe ni tarehe 12, kila familia shilingi 1,500, kina mama waje na sufuria, kina baba waje na mapema. Nambari ya kutuma ni yangu. Ukituma, tuma na ya kutoa.