Benki Inataka Ukae, Mpaka Unataka Uondoke

Mtu wa Mavivi, huku kwetu mashariki mwa Kongo, akisema anakwenda ng'ambo, usimfikirie Brussels. Ng'ambo yetu ni Uganda. Uwanja wa ndege tunao, tena mlangoni, lakini ndege zile ni za Umoja wa Mataifa na za wenye nacho. Sisi wengine tunapanda gari Beni, kilomita 80 hivi hadi Kasindi mpakani, tukisali njia nzima. Tangu Mei 2021 mkoa wetu umewekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya waasi, na barabara hiyo bado si ya kusinzia. Mimi nauza vipuri vya pikipiki, navinunua Kampala, na kwa miaka mingi mtaji wangu umesafiri ndani ya soksi. Kukanyaga noti za dola mia mia kunampa mtu mwendo wa ajabu. Askari akinitazama miguuni tu, jasho linanitoka.

"Shemeji," kaka wa mke wangu akaniambia, "fungua konti kule kule Kampala. Feza ikungojee, wewe utembee na miguu yako tu."

Shauri zuri. Asichonieleza ni kwamba mpaka na benki hawajawahi kukaa meza moja. Mpakani unaulizwa utarudi kwenu lini, maana wanataka wawe na hakika kwamba utaondoka. Benki wanakuuliza unakaa wapi na tangu lini, maana wanataka wawe na hakika kwamba huendi popote. Mtu ni yule yule, pasipoti ile ile, wiki ile ile.

Kongo iliingia rasmi Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2022, na habari ilipofika kwetu ilikuwa imeshanenepa njiani. Baba mdogo alitangaza matangani, mbele ya watu wazima, kwamba sasa tunakaa Kampala miezi sita bila kuulizwa na mtu. Hiyo miezi sita hakuiota: kanuni za Soko la Pamoja la Jumuiya, lililoanza 2010, zinataja kibali cha mgeni cha hadi miezi sita. Lakini hicho ni kikomo cha juu. Siku zako wewe huandikwa na afisa kwa kalamu, pembeni mwa muhuri, kwa mwandiko ambao ni ndugu wa mwandiko wa daktari. Viza nayo ina mtego wake. Tarehe iliyochapwa pale inaweza kuwa mwisho wa kuitumia kuingilia, wala si mwisho wa kukaa. Siku za kukaa zinahesabiwa kivyake, kuanzia ulipogongewa muhuri. Baba mdogo hilo halikubali mpaka leo. Mimi nilimwomba afisa anisomee namba yangu kwa sauti. Akaisoma. Ilikuwa ndogo kuliko ile ya matangani.

Halafu kuna suala la saa. Beni iko nyuma ya Uganda kwa saa moja nzima. Ukivuka daraja la Lubiriha saa nne, upande wa pili wanakuambia ni saa tano, na saa yako hairudishwi mpaka siku ya kurudi. Simu hujirekebisha yenyewe. Saa yangu ya mkononi ni mzalendo, haijawahi kukubali majira ya wageni. Ndiyo maana nilifika kwenye mlango wa benki fulani Kampala taratibu, nimenyoosha kola, nikakuta mlinzi anafunga komeo.

Kesho yake nikapewa fomu. Sehemu ya majina ilikuwa na visanduku viwili. Sisi Wakongo tuna matatu: jina, postinomu na prenomu. Mwaka 1972 Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, watu wakajitafutia postinomu. Baadaye prenomu, majina yale yale ya Kikristo, zikarudi, na postinomu zikakataa kuhama. Binti wa dirishani, mpole kweli, akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza:

"Ssebo, Kambale ndiyo jina ya familia?"

"Hapana, dada. Kambale ni namba ya foleni."

Ndivyo ilivyo. Kwa Wanande, Kambale ni mtoto wa pili wa kiume. Nyuma yangu yuko Kasereka, nyuma yake Kakule. Vuka mpaka uende kwa ndugu zetu Wakonzo, utatukuta tena tukiitwa Bwambale, Masereka na Kule. Ingia benki yoyote ya Butembo, mhudumu aite "Kambale!" uone robo ya ukumbi inavyosimama. Binti akaandika, kompyuta ikamjibu kwamba mteja huyo tayari yupo. Akaandika tena kwa kupindua majina. Yupo pia.

Kwenye anwani walitaka namba ya nyumba, mtaa na sanduku la posta. Nikaandika: Mavivi, karibu na uwanja wa ndege. Nikaona adabu imeongezeka dirishani. Akaniletea kiti. Nilikaa kwenye kile kiti bila kusahihisha neno.

Adabu haikufuta sharti la benki la barua ya mwenyekiti wa LC1, anayethibitisha kwamba mtu anakaa kijijini kwake. Nilikuwa nimelala gesti. Mwenyekiti, mzee wa miwani, hakuwa na ugomvi, ila alitaka kujua nimekaa pale muda gani. Hapo ndipo mambo mawili yalipogongana: nikisema muda mrefu, muhuri unanikana, nikisema muda mfupi, barua haina maana. Mzee alifikiri sana, akaandika kwamba ananifahamu. Kwa wakati ule ilikuwa kweli.

Ikabaki pesa ya kufungulia. Kwetu noti ya dola iliyochanika kidogo tu haipokei hata mama wa sombe. Atainyoosha juani, ataikagua kote, atakurudishia kwa huruma. Nilichagua noti safi mno. Kampala hawakuangalia mchaniko, waliangalia mwaka. Zangu zilikuwa za zamani, zile zenye kichwa kidogo, na bei yake ikashuka mbele ya macho yangu.

Shemeji ananiambia nishukuru, kwa Wazungu ni pabaya zaidi. Ni kweli, Schengen wanakupa siku 90 ndani ya kila 180, siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa, na kabla ya yote hayo wanataka waone konti yako ilivyotembea miezi ya nyuma. Nimemjibu kwamba konti yangu haijatembea. Konti yangu inangoja kadi.

Kwa sababu kadi hutoka baada ya wiki kadhaa, na siku za muhuri zilikuwa zinaisha. Nikarudi Mavivi. Juzi nikapiga simu.

"Kadi yako ulikuja kuichukua wiki iliyopita, ssebo. Umetia sahihi hapa."

"Mimi niko Kongo, dada."

Nikasikia karatasi zinapekuliwa, na kwa mbali mtu akiulizwa jambo kwa Kiganda.

"Samahani, ssebo. Wewe ni Kambale yupi?"