Trekta Lililolima Intaneti

Tangu Jumamosi siitwi jina langu. Dukani naitwa Tinga. Kwa kinyozi naitwa Tinga. Kondakta wa matatu ya Kawangware, ambaye sijawahi kumwambia lolote zaidi ya "shukisha", naye ananiita Tinga. Raila Odinga alipewa jina hilo kwa heshima, chama chake cha NDP kilipoingia uchaguzi wa 1997 kwa alama ya trekta. Mimi nimelipata kwa sababu bomba la moshi la trekta lilikata waya wa intaneti wa fleti tatu hapa Riruta, kipindi cha pili, Arsenal wakijiandaa kupiga kona.

Kona yenyewe hakuna aliyeiona. Watu walitoka kwenye roshani mmoja mmoja, rimoti mkononi, wakatazama chini. Waliona trekta jekundu, waya mweusi uliojisokota bombani, na mimi mbele yake nimenyoosha mkono nikimwelekeza dereva. Dereva alikuwa kitini, juu kabisa, anaonekana na kila mtu. Hakuna aliyemtazama.

Trekta lilifuata nini Riruta? Nyuma ya ploti yetu kuna robo eka ya shosho mmoja, nyembamba kama utepe wa fundi cherehani, inayoteremka hadi Mto Nairobi. Mashamba ya huku Dagoretti yaligawanywa hivyo tangu zamani, kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni ili kila mtu afikie maji. Watoto wakagawana, wajukuu wakagawana, na sasa pande zote mbili pameota ghorofa. Shosho amekataa kuuza. Alituruhusu sisi wapangaji tulime mahindi na sukuma, tugawane naye mavuno. Tukajaribu kwa majembe, lakini ardhi ilikuwa imekanyagwa na mbuzi na wacheza mpira mpaka jembe likawa linalia tu. Chama chetu cha wapangaji kikaamua trekta liitwe kabla ya mvua ya Machi. Broka mmoja akasema anako "kadogo kazuri". Tukapeana mikono.

Kupeana mikono kwenye mambo ya trekta kuna historia yake. Harry Ferguson, fundi kutoka kaskazini mwa Ireland, alikubaliana na Henry Ford mwaka 1938 kwa kupeana mikono tu, bila karatasi. Yakaishia mahakamani, na mwaka 1952 kampuni ya Ford ikalipa dola milioni 9.25. Sisi broka wetu hapokei simu.

Lakini uvumbuzi wenyewe uliogombaniwa, jamani! Kabla ya Ferguson plau ilikokotwa tu nyuma ya trekta. Ikinasa kwenye kisiki, magurudumu yanaendelea kusukuma, pua inainuka, na mashine nzima inamlalia dereva. Wengi walikufa hivyo. Ferguson akaifunga plau mgongoni mwa trekta kwa mikono mitatu, miwili ya chini ikivuta na mmoja wa juu ukisukumwa. Udongo ukiwa mgumu, plau inataka kupinduka kuelekea mbele, na mkono wa juu unabanwa. Mbano huo unabonyeza springi, springi inaamsha haidroliki, haidroliki inainua plau kidogo hadi mzigo upungue. Udongo ukilainika, inaishusha tena, na dereva hajagusa kitu. Uzuri zaidi ni kwamba uzito wa plau, pamoja na mvuto wa udongo, unahamia magurudumu ya nyuma, pale hasa panapotakiwa kushika. Ndiyo maana trekta lake dogo, TE20, lililoundwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, lilifanya kazi za mashine nzito kuliko lenyewe, na zaidi ya nusu milioni yakatoka kiwandani. Hata matrekta ya leo, yawe ya rangi gani, yanabeba mikono hiyo hiyo mitatu.

Nilimweleza haya yote fundi wa intaneti akiwa juu ya nguzo. Akaniambia nishike ngazi.

Sasa, "kadogo kazuri" kalipofika kalikuwa na nguvu za farasi 75 na plau ya diski tatu. Kwa haki, hesabu ya kazi haikuwa mbaya. Diski tatu kwenye ardhi ngumu hutaka farasi 50 hadi 75, na diski ndizo zinazofaa kukatua ardhi ya namna yetu, kwa kuwa zinajizungusha na kupanda juu ya mizizi na mawe, mahali ambapo plau ya jembe ingevunjika. Trekta hilo ukilipeleka kwenye ngano Narok, nitalipigia makofi. Kosa lilikuwa kuliingiza katika kichochoro chenye vibanda viwili vya mboga, kimoja cha chapati, na waya zilizoning'inizwa na watu waliodhani kitu kirefu zaidi kitakachowahi kupita hapo ni mkokoteni wenye magodoro.

Na uzito! Magurudumu ya nyuma ya trekta hujazwa maji. Si kidogo, ni kama robo tatu ya tairi, ili lishike ardhi lisiteleze likivuta. Mamia ya lita. Riruta hii, ambako maji ya mfereji yanakuja kwa zamu na madumu yamepanga foleni tangu alfajiri, lilipita trekta limebeba maji mengi kuliko ploti nzima. Mama mmoja alipolisikia hilo kutoka kwangu aliuliza kama tairi ina bomba la kufungulia. Lipo, kwenye valvu. Sikumwambia.

Kwenye kona ya kibanda cha chapati ndipo nilipojua breki za trekta. Ziko mbili upande wa mguu wa kulia, moja ya gurudumu la kushoto, nyingine ya la kulia. Barabarani huunganishwa kwa komeo zikanyagwe pamoja, maana ukikanyaga moja peke yake ukiwa na kasi, mashine inajigeuza na inaweza kupinduka. Shambani komeo hufunguliwa. Ukifika mwisho wa mtaro unakanyaga breki ya upande unaoutaka, gurudumu hilo linasimama, lenzake linalizunguka, na tani mbili na ushee zinageuka karibu mahali pale pale. Dereva alifungua komeo, akaligeuza trekta mbele ya karai la mafuta ya moto bila kumwaga tone. Nilishangilia. Nilikuwa bado nimeinua mikono juu waya ulipokatika.

Kulima kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kuomba msamaha. Trekta na plau yake vinahitaji mita kadhaa kila mwisho wa shamba ili vigeuke, na ukiiondoa nafasi hiyo kwenye robo eka yenye umbo la utepe, inabaki mistari ya katikati. Pembeni zote tulirudi kwa jembe. Diski nazo zilifukua mambo: masweta ya mitumba, sufuria bila kitako, na mifuko ya plastiki mingi ajabu. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Haikwenda mbali.

Dereva akitusubiri tukusanye takataka, alinionyesha shafti ya nyuma inayoendesha mashine nyingine, kama ya kupukuchua mahindi au kukata nyasi. Inazunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kwa sekunde. Shosho akasogea aone, leso ikipepea. Hapo tu ndipo nilipomwona dereva akiruka kutoka kitini. "Shosho, rudi nyuma!" Leso ikinaswa hapo, mkono unafuata kabla mtu hajapiga kelele. Alizima mashine, na mikono yake ilikuwa ikitetemeka.

Haro ya kupondaponda mabonge haikuja kabisa. Tela la mbolea lilikwama langoni.

Bili ilikuwa ya eka nzima. Mwenye trekta hana kosa, anahesabu dizeli ya njiani, na robo eka haimlipi. Lakini basi kwa kila hatua ya ardhi mwenye kidogo analipa mara nne ya mwenye kingi, na akigoma anarudi kwenye jembe, na nchi hii anayerudi kwenye jembe mara nyingi ni mwanamke. Mashine ya kazi yetu ipo: trekta la mkono, la magurudumu mawili, farasi kati ya 8 na 15, unalitembelea nyuma yake. Kule Mwea linavuruga matope ya mpunga. Hapa hakuna aliye nalo wa kukodisha. Matrekta makubwa hukabidhiwa kwa hotuba na utepe wa kukata. La mkono sijaona likikatiwa utepe, pengine kwa sababu mheshimiwa hana pa kukaa apigwe picha.

Na wakubwa wenyewe wana rekodi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipotaka karanga kule Kongwa, Tanganyika, iligeuza hata vifaru vya vita kuwa matrekta, ikavituma kupambana na mibuyu na udongo unaokauka ukawa saruji. Mradi ulifutwa 1951, pauni zaidi ya milioni 30 zikiwa zimezama. Mbele ya hizo, waya wa fleti tatu ni nini? Jirani wa ghorofa ya pili, shabiki wa Arsenal, hakubaliani nami.

Mahindi lazima yapandwe. Kwa hiyo mwenye trekta la mkono popote kati ya Kikuyu na Kawangware, ulizia shamba la shosho Riruta, watu watakuelekeza. Udongo ni mwekundu na mzuri, umeshakatuliwa katikati, umebaki kulainishwa na pembeni kumaliziwa. Lango lina upana wa mita mbili, shamba ni robo eka, na tutalipa ya robo eka.