Ukitaka Kuingia Kitabuni, Uwe Chura

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ndani ya Delta ya Rufiji, na nilijiunga na shahada ya elimu kwa masafa ili nipande daraja, mshahara nao unisogelee kidogo. Sikwenda kutafuta ubongo. Lakini kwenye orodha ya masomo ya lazima, katikati kabisa, hapana pa kukwepea, ikakaa kozi ya utangulizi wa Saikolojia ya Kibaiolojia, yaani namna ubongo, neva na homoni zinavyomfanya mtu awe alivyo. Nikajipa moyo. Nikasema angalau nitajua kwa nini darasa la nne linasahau Jumatatu kila lilichokijua Ijumaa, na kwa nini jirani yangu akiazima panga halirudi mpaka nilifuate.

Sijajua mpaka leo.

Moduli ilikuja kwa WhatsApp, kurasa zisizo na mwisho, na simu yangu ina ufa unaokata kila mstari katikati. Ikabidi nisubiri maji yajae, nipande boti mpaka Nyamisati, nikapande bodaboda mpaka Bungu, kisha gari hadi Kibiti mjini, kwenye steshenari. Picha za ubongo zilizokuwa na rangi zao nzuri zikatoka nyeusi tii, mishale yote imeelekea gizani. Kijana wa steshenari akaichukua karatasi moja, akaigeuza juu chini, akaniuliza kwa heshima zote: "Mwalimu, siku hizi mnafundisha na kilimo cha korosho?"

Nikalipa nikaondoka.

Sasa, kusoma saikolojia huku kwetu kuna adha zake hata kabla hujafungua ukurasa. Habari zikishaenea, kila unayekutana naye kivukoni anakukazia macho: "Haya mwalimu, nawaza nini?" Unawaza nauli, mzee wangu, kama sisi wote. Mwingine akaja usiku na kuku mkononi, ana shida na mkewe, anataka nimfanyie dawa. Nikamweleza kwamba mimi nasoma seli za neva, sisomi nyota. Akarudi na kuku wake, na nikaona mama watoto hakuniunga mkono katika uamuzi huo.

Basi nikaanza kusoma. Sura ya kwanza inasema ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo hadi moja na nusu hivi, na ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Nikajiuliza nani kakaa akazihesabu. Kumbe ni mwanasayansi mwanamke wa Brazil, Suzana Herculano-Houzel, na njia aliyoitumia ni kuusaga ubongo ukawa supu, akachota kidogo, akahesabu viini vya seli vilivyomo, akazidisha. Nilikuwa nasoma habari hizo stendi ya Kibiti, nangoja gari la kurudi, mbele yangu bakuli la supu. Nikalisogeza pembeni. Pesa nimeshalipa.

Sura hiyohiyo inasema ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula asilimia 20 hivi ya nguvu zote. Hapo nikafurahi, nikamsomea mama watoto kwa sauti, kwamba kwa sababu hiyo mtu anayesoma anastahili sahani ya pili ya wali. Akaniambia niendelee kusoma. Mstari uliofuata unasema ubongo hula karibu kiasi kilekile uwe unafikiri sana au umekaa tu unatazama ukuta. Yule mwanamke hajasoma saikolojia hata siku moja.

Lakini kinachonikera hasa katika kozi hii si hayo. Ni kwamba ukitaka kuingia katika kitabu chake kuna njia mbili tu: uwe mnyama, au uwe mtu aliyepatwa na balaa. Mtu mzima, mwenye afya, anayepanda mpunga na kudaiwa dukani, hana nafasi.

Chukua balaa kwanza. Kila sura lazima imtaje Phineas Gage. Huyu alikuwa msimamizi wa wajenzi wa reli kule Vermont, Marekani. Tarehe 13 Septemba 1848 alikuwa anashindilia baruti kwenye mwamba, ikalipuka, na mtaimbo wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 6 ukaingia shavu la kushoto ukatokea utosini. Hakufa! Alikaa, akaongea, akapelekwa kwa mkokoteni hadi alipofikia, daktari akamfuata huko. Aliishi mpaka 1860, ila rafiki zake walisema si Gage yule tena, amekuwa mtu wa matusi na papara, kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayomzuia mtu asifanye kila linalomjia, imeharibika. Na baada ya hapo, kazi aliyokwenda kuifanya miaka kadhaa kule Chile ni kuendesha magari ya abiria ya farasi. Udereva wa abiria! Anayepanda mabasi yanayopishana barabara ya Kilwa usiku, kutoka Jaribu Mpakani mpaka daraja la Mkapa, hatashangaa. Mimi nilishuka Bungu siku moja nikiamini kabisa dereva wetu ana tundu utosini.

Baada ya Gage kuna Mfaransa aliyekuwa anaweza kutamka "tan" tu. Daktari Paul Broca akamchungulia ubongo mwaka 1861, baada ya kufa kwake, akaionyesha dunia sehemu ya usemi ilipo. Kuna Henry Molaison, aliyekatwa vipande vya ubongo mwaka 1953 ili apone kifafa, na tangu siku hiyo hakuweza kushika kumbukumbu mpya mpaka alipofariki 2008. Watu hawa nawaonea huruma. Wameteseka, sisi tunafanya mtihani.

Kisha wanyama. Chura ndiye mkubwa wao. Otto Loewi, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Austria, aliota ndoto usiku jinsi ya kuthibitisha kwamba neva hupeleka habari kwa kemikali. Akaamka, akaiandika, akalala. Asubuhi mwandiko wake mwenyewe hausomeki. Usiku wa pili ndoto ikarudi, saa tisa, safari hii hakuandika, akakimbilia maabara, akachukua mioyo miwili ya chura, na kazi hiyo ikachapishwa 1921 na kumpa Nobel mwaka 1936. Mimi saa tisa usiku naamshwa na mbu, na hakuna anayenipa kitu.

Wapo pia paka, waliowapa Hubel na Wiesel Nobel ya 1981. Yupo konokono wa baharini, aliyempa Kandel ya kwake mwaka 2000. Wapo inzi wa matunda, 2017. Na yupo ngisi. Huyo ndiye aliyeniletea maneno nyumbani.

Kitabu kinasema ngisi ana uzi wa neva mnene ajabu, unaweza kufika milimita moja, unaonekana kwa macho matupu. Waingereza Hodgkin na Huxley waliingiza waya mwembamba ndani ya uzi huo, wakapima umeme unavyopita, wakaandika hesabu zao mwaka 1952, wakapata Nobel 1963. Milimita moja! Na mimi ngisi ninaye. Jioni ileile shemeji yangu, mvuvi, alikuwa ameleta wawili. Nikamwambia mama watoto asikate kwanza. Nikatandika mfuko wa saruji, nikawasha tochi ya simu, nikampasua mmoja kwa wembe kwa urefu, nikatoa mfuko wa wino taratibu, nikavuta ule mfupa laini unaopitisha mwanga, nikalikunjua joho na kuanza kulifuta utelezi kwa kidole. Ndani, kila upande, pana fundo dogo linalotawanya nyuzi nyeupe, na mmoja kati ya nyuzi hizo umewazidi wenzake unene. Nikauinua kwa ncha ya wembe. Uko hapo, mweupe, umelowa, umeme wa Nobel.

"Unatafuta nini humo, shemeji?"

"Neva."

Akaja juu. "Ngisi wangu ni wa leo huyo, nimemtoa alfajiri. Hana neva hata moja!"

Nikajaribu kumweleza kwamba neva si ugonjwa, hata yeye anazo bilioni kadhaa. Hilo halikusaidia. Mama watoto akasema nikimaliza kumsoma nimrudishe, nazi imeshakunwa.

Sura ya usingizi nayo ina lake. Inasema ndani ya ubongo mna saa, inayorekebishwa na mwanga wa jua, mzunguko wake kama saa 24. Sawa, kwa mtu wa mjini. Huku Delta ratiba ni ya maji. Maji yakijaa leo saa kumi alfajiri, kesho yatachelewa dakika hamsini hivi, keshokutwa vivyo hivyo, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, usipoondoka kwa wakati utakaa na boti yako juu ya tope, mikoko inakutazama, mpaka maji yakuonee huruma. Wavuvi wa Salale na Mbwera wameishi hivyo miaka nenda rudi, wakiamka usiku wa manane wiki hii na mchana wiki ijayo. Ubongo wao unafanyaje? Kitabu kimewauliza inzi.

Na hofu. Hapa ndipo nilipoitupa moduli kitandani. Mfano wa hofu ni mama mmoja wa Marekani anayetajwa kwa herufi S.M. tu. Ugonjwa uliziharibu amigdala zake zote mbili, zile zinazotutia woga, na tangu hapo karibu haogopi kitu. Watafiti wakampeleka duka la nyoka, akataka kuwashikashika. Wakampeleka kwenye jumba la mazimwi, mahali watu wanapolipa kiingilio ili watishwe, akamtisha zimwi mwenyewe. Hofu inauzwa kwa tiketi! Wakati sisi Rufiji, kati ya mwaka 2002 na 2004, tulikuwa na simba aliyeua watu zaidi ya 30. Wanavijiji walimwita Osama. Mtu aliyekuwa analala kwenye dungu shambani, analinda mpunga dhidi ya nguruwe, hakuwa na haja ya kiingilio. Simba huyo alipouawa Aprili 2004 alikutwa na jipu kubwa chini ya gego lililopasuka, na wapo wataalamu waliodhani maumivu yale ndiyo yaliyomgeuza awinde watu. Hapo pana maumivu, pana hofu, pana tabia iliyobadilika, yote ndani ya wilaya. Kama si saikolojia ya kibaiolojia, basi ni nini?

Kuna na jambo moja ambalo silifanyii mzaha. Mito ya Kilombero na Luwegu ikikutana ndiyo Rufiji, kwa hiyo maji ya milima ya Mahenge yanapita mbele yetu kabla hayajafika baharini. Kule Mahenge, karibu na mwaka 1960, daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall, alikuta watu wengi mno wenye kifafa. Walikuwa wanakula peke yao, wanalala peke yao, kwa kuwa iliaminika povu na mate yao yanaambukiza. Mgonjwa akianguka motoni, watu waliogopa kumgusa, akaungua. Alianzisha kliniki, akawapa dawa, wengi wakapata nafuu. Aliandika pia habari za watoto wanaotikisa vichwa kwa kuinamisha tena na tena, na watafiti waliokuja baadaye wameuhusisha ugonjwa huo na usubi. Hii ni habari ya ubongo, ya tabia, na ya jinsi jamii inavyomtenga mtu kwa ugonjwa wa neva, na imetokea kwenye mto wetu. Moduli ikaruka mpaka Vermont kumfuata mtu wa mtaimbo.

Basi ikaja kazi ya nyumbani. Nikasoma swali nikasugua macho: "Kwa kutumia mifano kutoka katika mazingira yako, eleza uhusiano kati ya ubongo na tabia." Mazingira yangu! Nikaandika usiku kucha kwa taa ya sola mpaka betri ikazima. Nikamweka simba na jino lake. Nikaweka Mahenge, nikaweka bamvua na usingizi wa wavuvi. Mwishoni, kwa kujaza ukurasa, nikabandika mistari miwili ya Gage.

Kazi ikarudi ina wino mwekundu. Kwenye simba: "Nje ya mada." Kwenye bamvua: "Fafanua neno hili." Kwenye Mahenge: "Haimo katika moduli." Kwenye Gage, alama ya vema, kubwa, imepigwa mara mbili, na pembeni: "Mfano mzuri wa mazingira."

Nimefaulu, kwa sababu ya Gage. Muhula unaokuja nina Saikolojia ya Jamii, na moduli imeshaingia kwenye simu. Mama watoto ameniuliza hiyo nayo ina mnyama gani, ajue mapema, maana kuku aliyebaki anaatamia. Nikamwambia haina mnyama, hiyo inahusu watu wanavyoishi pamoja. Nikafungua sura ya kwanza nimwonyeshe. Mende. Mwaka 1969, Marekani, Robert Zajonc aliwakimbiza mende kwenye vijia huku mende wenzao wakitazama, apime kama kutazamwa kunaongeza mbio.

"Mende wapo," akasema, akanyoosha kidole jikoni. "Chukua uwatakao."