Mvua ya Kulipia

Wanaobeza programu za sauti za utulivu hawataki maendeleo. Zamani mvua ilikuwa ikinyesha juu ya bati bure, ovyo tu, na hata asiye na senti aliisikiliza hadi usingizi ukamchukua. Sasa imestaarabika: inalipiwa kwa mwezi, inakaa ndani ya simu, na haijazi maji bonde la Jangwani, Dar es Salaam.

Tumtazame mkazi wa Sinza, jijini humo, aliyepakana ukuta na baa. Saa saba usiku anavaa hedfoni, anafumba macho, anavuta pumzi, na mawimbi ya bahari yanaingia vitani na singeli ya jirani. Ndiyo busara hiyo, kelele kuzimwa kwa kelele. Angekwenda kushtaki kwa serikali ya mtaa angemsumbua bure mwenyekiti, ambaye saa hiyo yuko kaunta ya baa hiyo hiyo, akitafakari kwa njia yake.

Mwaka 1952 mtunzi Mmarekani John Cage alitunga kipande cha dakika 4 na sekunde 33 ambamo mpiga piano hapigi noti hata moja. Muziki ni sauti zozote zitakazosikika ukumbini. Sinza tungekipiga kila usiku, tena kwa spika kubwa.

Toleo la bure la programu ndilo lenye hekima zaidi. Watawa wa Kibudha wa Zen, wakiwa katika tafakuri, hupigwa fimbo begani wasisinzie. Sisi, pumzi ikianza tu kutulia, tunaletewa tangazo la kamari.

Jiungeni mapema. Kifurushi cha mwaka kina punguzo.