Jinsi ya Kuleta Rio Negro Kibera kwa Jerikeni

Ukitaka tangi lako liwe na maji meusi kama ya Rio Negro, mto wa Amazon, kwanza achana na samaki. Kabla hujanunua hata tetra mmoja, simama njiani Kibera au Kawangware, msimamishe anayesukuma mkokoteni wa maji, umuulize: "Bosi, haya ni ya kanjo au ya kisima?" Atacheka. Ng'ang'ana mpaka akujibu, maana jibu lake ndilo kemia yako yote.

Maji ya kanjo, yaani ya bomba la jiji, kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, lililokamilika mwaka 1994. Ni laini, na klorini yake huisha ukiyaacha wazi kwenye beseni siku nzima. Ya kisima ni mengine kabisa. Miamba ya volkano chini ya Nairobi huyajaza floridi na bikabonati, na bikabonati ni mbishi: kila asidi unayotia, inaimeza.

Hapo ndipo wafugaji wengi hujidanganya. Wanaagiza majani ya mkungu kutoka Mombasa, wanayaloweka mpaka maji yanakuwa kama strungi, kisha wanatangaza kwamba Amazon imefika Kawangware. Pima pH, ndugu yangu! Rangi si asidi. Maji ya kisima yanaweza kuwa meusi namna hiyo na pH ibaki 8, ilhali tetra wa neon hutaga vizuri kwenye 5 hadi 6. Mayai yataota ukungu, halafu utamlaumu dume.

Basi ngoja masika, kati ya Machi na Mei. Acha mvua ya kwanza ioshe moshi hewani, kisha kinga inayofuata kwa beseni uwanjani, si chini ya paa. Zinki ya mabati huua samaki, hasa katika maji laini. Changanya na ya kanjo yaliyokwisha klorini, tia majani machache, upime kila jioni. Bikabonati ikiwa kidogo, pH huweza kuporomoka usiku mmoja. Chini ya 6 bakteria wanaosafisha amonia huzubaa, kwa hiyo badilisha maji kidogokidogo. Funika tangi kwa gazeti: mayai ya neon huharibiwa na mwanga. Julai, washa hita.

Na ukishajua maji ya kisima yana nini, usiishie kwa samaki. Uliza pia mtoto wako anakunywa yapi. Floridi ikizidi huharibu meno yake yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, na kuchemsha maji hakuiondoi.