Mshenga wa Bei Poa

Kipo kifaa kidogo chenye kasha la alumini, urefu wa kidole gumba, umbo la flashi. Mke wangu aliwahi kukichomeka kwenye redio akitarajia taarabu. Upande mmoja kina mdomo wa USB, upande wa pili kina pini kumi zilizojipanga safu mbili. Kazi yake ni kusaka makosa. Unakichomeka kwenye kompyuta, unakiunganisha kwa waya na bodi unayoitengeneza, kisha unaweza kuisimamisha chipu katikati ya kazi, ukachungulia kumbukumbu yake, ukaitembeza hatua moja moja hadi uone inapojikwaa. Mafundi wanakiita dibaga. Wanachosahau kukuambia ni kwamba kosa la kwanza utakalolisaka ni la dibaga yenyewe.

Ya kwangu niliinunua Kariakoo kwa sababu ya maji. Shangazi yangu wa Tabata ana simtanki juu ya mnara, na pampu isiyojua tangi limejaa. Maji yakitoka usiku wa manane, pampu inapandisha, tangi linafurika, uwanja wa jirani unakuwa bwawa, na asubuhi kunakuwa na kikao. Nikamwahidi kidude cha kuizima pampu tangi likijaa: sensa moja, relei moja, na bodi ya buluu yenye chipu ya STM32F103. Chipu hiyo ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 64 na kasi ya MHz 72, akili ya kutosha kusimamia pampu za mtaa mzima.

Siku niliyokwenda kumwonyesha vifaa, shangazi alikagua kila kitu kwa kidole.

"Na hiki kingine cha nini?"

"Hicho kinakaa katikati, shangazi. Kompyuta inakipa neno, chenyewe kinalipeleka kwa chipu, kisha kinarudi na jibu."

"Kumbe mshenga."

"Ndiyo, shangazi. Mshenga."

"Umempata kwa bei gani?"

Nikamtajia. Akaguna. "Mshenga wa bei hiyo ataishia getini."

Shangazi hajawahi kugusa kompyuta, ila mambo yote yaliyofuata yalikuwa maelezo marefu ya sentensi yake hiyo fupi.

Nilipofika nyumbani nilimchomeka mshenga kwenye kompyuta yangu inayotumia Linux. Taa nyekundu ikawaka. Taa ile imewadanganya watu wazima wengi. Inachosema ni kimoja tu, kwamba volti tano zimefika. Haisemi kama kompyuta imemtambua mgeni, wala kama mgeni ana ruhusa ya kufungua mdomo. Nikaomba orodha ya vifaa vya USB, na namba yake, 0483:3748, ikajitokeza bila haya. Basi nikawasha OpenOCD, programu huria inayoelewana na dibaga za kila kabila. Ilianza mwaka 2005 kama tasnifu ya mwanafunzi mmoja wa Augsburg, Ujerumani, aitwaye Dominic Rath. Nikamwombea heri popote alipo. Programu yake ikanijibu kwa maneno mawili: imeshindikana kufungua.

Yaani kompyuta inamwona mshenga amekaa pale, inamtaja kwa namba, lakini haimfungulii. Kwenye Linux, kuonekana ni jambo moja na kuruhusiwa ni jambo lingine. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kushika kifaa cha namna hii mpaka iandikwe kanuni katika folda ya /etc/udev/rules.d. OpenOCD huja na kanuni zake tayari, katika faili liitwalo 60-openocd.rules, na kazi yako ni kulinakili tu. Nikanakili. Bado. Kumbe mfumo lazima uamriwe usome kanuni upya. Nikauamuru. Bado. Kumbe kanuni humhusu anayeingia, siyo aliyekwisha kukaa, kwa hiyo mshenga lazima atolewe nje na kuingizwa upya. Nikamtoa, nikamwingiza. Bado! Kanuni ilikuwa inataja kundi la watumiaji ambalo kompyuta haikuwa imeniandikisha, na ukiandikishwa leo uanachama unaanza pale utakapotoka na kuingia tena. Nyumba ni yangu, kompyuta ni yangu, na ndani yake nilikuwa sina kadi.

Rafiki yangu mmoja mhandisi, mtu wa Windows, alicheka sana kusikia hayo. Kisha akamchomeka kwenye kompyuta yake, na alama ya mshangao ya njano ikakaa kwenye orodha ya vifaa mpaka tukamaliza kula. Kule wanadai draiva. Hakucheka tena.

Jioni shangazi akapiga simu. "Mshenga kafika?"

"Ndiyo kwanza ameruhusiwa kuondoka, shangazi."

"Kuondoka wapi?"

"Hapa kwetu."

Kimya. Kisha: "Yaani geti lililomkataa ni la kwenu wenyewe?"

Tukaingia kwenye waya. Hapa dunia imerahisishwa sana ukilinganisha na zamani. Mwaka 1985 watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki waliunda kikundi kilichokuja kujulikana kama JTAG, na kazi yao ikawa kiwango rasmi cha IEEE 1149.1 mwaka 1990. Nia yao ilikuwa kupima kama pini za chipu zimelehemiwa sawasawa kwenye bodi. Mlango ule ule ukaja kutumika kusakia makosa ya programu, na ulitaka waya nne za mawasiliano, bila kuhesabu za umeme. Njia ya ARM iitwayo SWD inataka mbili tu: SWDIO inayobeba maneno, na SWCLK inayopiga mdundo. Ongeza GND, yaani ardhi, na volti 3.3 za kuilisha bodi, jumla waya nne. Mtoto wa chekechea anaweza kuziunganisha.

Tatizo ni kwamba kwenye dibaga za kuigiza kama yangu kila kiwanda kinapanga pini kinavyoona inafaa, halafu kasha la alumini linakatwa na kuandikwa na mtu mwingine ambaye hawajaonana. Kasha langu lilikuwa na mchoro mzuri wa pini zote kumi. Niliufuata kwa uaminifu, na OpenOCD ikasema imeshindwa kuungana na mlengwa. Nikabadilisha waya, jibu lile lile. Nikabadilisha tundu la USB, jibu lile lile. Mwisho nikalivuta kasha likavuka, nikasoma maandishi yaliyochapwa kwenye ubao wa ndani. Pale ambapo nje paliandikwa SWDIO, ndani paliandikwa SWCLK.

Nikarudi dukani na ushahidi mkononi.

"Kaka, maandishi ya nje hayafanani na ya ndani."

Muuzaji alikigeuza kifaa, akakitazama juu na chini kwa makini, akanirudishia. "Bosi, ya nje ni ya urembo."

Rafiki yangu wa Windows, kwa huruma, akaniazima dibaga yake halisi, ya bei kamili. Nikaunganisha waya nne zile zile kwa heshima zote. Bodi ikakaa giza. Hata taa yake ya umeme haikupepesa. Nikampigia.

"Ndugu yangu, dibaga yako imekufa."

"Bodi umeipa umeme?"

"Si inapata kwenye dibaga?"

"Hiyo halisi haitoi umeme. Inapima tu."

Na ndivyo ilivyo. Kwenye dibaga halisi pini ya volti ni sikio: inasikiliza bodi inatumia volti ngapi ili ishara zake ziendane nazo. Kwenye nyingi za kuigiza pini hiyo inamwaga volti 3.3 moja kwa moja. Mshenga wa bei poa anakwenda na mchele wake, ila mwenye hadhi anatarajia akute jiko limewashwa. Basi nikaipa bodi umeme kutoka chaja ya simu, nikauondoa waya wa volti kwa tahadhari, na kwa vile ulikuwa umefungwa pamoja na wa ardhi, zote mbili zikaondoka. Kimya kikarudi. Ishara ya volti 3.3 ni tofauti kati ya nukta mbili, na kama pande mbili hazina ardhi moja ya kupimia, kila upande unaongea kwa kipimo chake na hakuna anayesikia. Nikaurudisha waya wa ardhi, ambao kwangu ulikuwa wa waridi kwa sababu weusi ulikuwa umeisha dukani, na ujumbe mpya ukatokea.

Ujumbe mpya katika kazi hii ni sikukuu, hata kama ni wa kosa. Huu ulisema chipu imejibu, lakini utambulisho wake si ule uliotarajiwa. STM32F103 halisi hujitambulisha kwa namba 0x1ba01477. Ya kwangu ilisema 0x2ba01477. Nikaitazama kwa kioo cha kukuzia: juu yake jina la ukoo maarufu lilichapwa vizuri, herufi zimenyooka. Chipu yenyewe ilikuwa ya kuigiza. Mshenga wa kuazima alikuwa amefika kwa bibi harusi wa kuigiza, na wa kwanza kulalamika alikuwa ni mshenga.

Nikamweleza shangazi.

"Kwa hiyo huyo siye mliyemposa?"

"Siye, shangazi. Lakini anaweza kazi zote za nyumbani."

"Na mnaendelea na harusi?"

"Tunaendelea. Kuna faili la mipangilio, ukiweka sifuri mahali pa namba, hawaulizi tena jina."

"Mwanangu," alisema taratibu, "hayo usimsimulie mtu mwingine."

Niliweka sifuri. Ikaungana. Nikapakia programu ya majaribio, taa ya bodi ikaanza kuwaka na kuzimika. Nikapiga video, nikamtumia shangazi, nikatuma na kwenye kundi la ukoo. Nikarekebisha mstari mmoja ili taa iende kasi zaidi, nikapakia tena. Imeshindwa kuungana na mlengwa.

Programu inayokuandikia mifupa ya msimbo ilikuwa imeamua, bila kumuuliza mtu, kwamba pini PA13 na PA14 hazina haja ya kubaki wazi kwa dibaga. Ndizo pini za SWDIO na SWCLK. Kwa hiyo kila mara chipu ilipoamka, jambo la kwanza ilifunga mlango ambao mshenga alipitia kuileta programu yenyewe. Dawa ipo: unashikilia kitufe cha reseti ili chipu isiamke, unaamuru kompyuta iunganishe, kisha unaachia ili dibaga iikamate chipu kabla haijafika kwenye mstari wa kufunga mlango. Dibaga nzuri hufanya hivyo yenyewe kwa waya wa reseti. Ile halisi ilikuwa imesharudi kwa mwenyewe, nikabaki na mshenga wangu, na kwenye nyingi za kuigiza pini iliyoandikwa RST ni kwa ajili ya chipu za ukoo mwingine. Ikabidi nimwite binti yangu.

"Bonyeza hapo. Usiachie mpaka niseme."

"Baba, niachie?"

"Bado."

"Kidole kinauma."

"Vumilia."

"Mama anauliza kama umeshakula."

"Achia! Hapana, usiachie! Haya, achia!"

Umeme wa mtaa ukakatika hapo hapo. Lakini kompyuta ilikuwa na chaji, bodi inakula kwenye USB, na binti alikuwa ameachia kwa wakati wake mwenyewe, siyo wangu. Ikaungana. Tangu siku hiyo anajiita fundi, na mimi simpingi, kwa sababu kazi ikikwama ninamhitaji.

Yaliyobaki yalikuwa madogo. Tulipofika Tabata na waya ndefu kupitia dirishani, mawasiliano yakakatika kila mara pampu ilipowaka, na kupunguza kasi ya dibaga kutoka kHz 4000 hadi 480 kukayatuliza. Kidude sasa kinaizima pampu. Jirani amepata uwanja wake, na shangazi anawaambia wageni kwamba kimetengenezwa na mjukuu wake wa kike.

Hukumu yangu ni hii. Ujumbe wa "imeshindwa kuungana" hausemi nani kashindwa, na kwa desturi mtu wa kwanza kumshuku ndiye asiye na hatia. Kwa hiyo anzia chini. Pima umeme kwa mita, usiamini taa. Hakikisha ardhi ni moja. Vua kasha usome ubao wa ndani. Kisha ruhusa na draiva, kisha kasi, kisha utambulisho wa chipu. Msimbo wako uushuku mwisho, baada ya wengine wote kuhojiwa. Na kabla hujaanza, ukiwa na shangazi mwenye simtanki, mwahidi kidude lakini usimwahidi siku.